Moto Unaoanzia Moyoni

Iko zaburi moja ambayo mkulima wa Kisii au wa Nyamira akiisoma polepole, taa ikiwa imewashwa na watoto wamelala, aweza kudhani ya kuwa iliandikwa kwa ajili yake yeye na jirani yake. Ni Zaburi ya 37, ambayo kwa mapokeo husemwa kuwa ni ya mfalme Daudi. Katika lugha ya Kiebrania ilipangwa kwa kufuata herufi za alfabeti, fungu la kwanza likianza kwa herufi ya kwanza, na la pili kwa herufi ya pili, hata mwisho, kama mwalimu apangavyo somo ili wanafunzi walishike kwa moyo. Msemaji wake ni mzee. Asema mwenyewe kwamba alikuwa kijana na sasa amezeeka. Na jambo analotaka kuwaambia walio nyuma yake ni hili, ya kuwa mtu asijitie uchungu kwa sababu ya watu watendao mabaya, bali amtumaini Mungu na kutenda mema papo hapo alipo.

Papo hapo alipo. Msomaji asilipite neno hilo upesi. Mzee huyo hasemi habari za mbinguni. Asema habari za ardhi. Mara tano katika zaburi hiyo moja arudia kwamba watakaoirithi nchi ni wapole, na wenye haki, na wenye kumngojea Mungu. Amtaja hata mtu akopaye asilipe. Basi si ajabu maneno yake yakiwagusa watu ambao kwao ardhi ni jambo la kwanza na la mwisho. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ilibeba watu zaidi ya 900, na katika Nyamira zaidi ya 650. Nchi ni nzuri, udongo wake una rutuba na mvua haikosi, lakini nchi haipanuki. Shamba ambalo babu alililima siku nyingi, mjukuu hulimaliza kabla ya jua kuwa kali. Ndugu wanne wakigawana ekari mbili, hatua moja ya mpaka si jambo dogo, wala asidhani mtu wa mjini ya kuwa wagombanao kwa hatua hiyo ni wapumbavu.

Liko neno jingine katika zaburi hiyo ambalo tafsiri haziwezi kulichukua lote. Pale palipoandikwa kwamba mtu asijitie uchungu, neno la Kiebrania latoka katika mzizi wenye maana ya kuwaka, kama kuni zinavyoshika moto. Mzee akataza mtu kujiwasha mwenyewe. Katika aya nane za kwanza alisema neno hilo mara tatu, kama mtu aonaye ya kuwa vijana hawakumsikia mara ya kwanza.

Jinsi mtu anavyojiwasha, kila mwenye shamba ajua. Mkulima mmoja aamka asubuhi na kuona mti wa mpaka umeng'olewa, ukapandwa hatua moja ndani ya shamba lake. Mchana ana kazi nyingi: chai ichumwe, ng'ombe akamuliwe, mtoto apelekwe shule. Usiku ndipo kesi inapofunguliwa. Alala chali akimhukumu jirani yake bila shahidi, bila hakimu na bila mshtakiwa kuwapo, na kila usiku amwona na hatia ile ile pamoja na nyingine mpya. Juma la pili akumbuka kwamba kuku wake watatu walikufa mwaka jana. Juma la tatu akumbuka ya kuwa mama mzazi wa jirani yule alimsalimu mtoto wake njiani, na siku ya pili yake mtoto akashikwa na homa. Tangu hapo habari si ya mti tena. Jirani angekuja asubuhi na kuurudisha mti mahali pake kwa mikono yake, moyo wa mtu huyu usingetulia, maana sasa unatafuta kitu kingine.

Kitu hicho katika Ekegusii huitwa oborogi, na watu wake ni abarogi, wachawi. Masimulizi ya zamani yalisema kwamba abarogi hutembea usiku wakiwa uchi, wamebeba chungu chenye moto unaowaka na kufifia, na kwamba mwanamke hufundishwa kazi hiyo na mama yake au mkwewe. Robert LeVine, mtaalamu wa Marekani aliyeishi miongoni mwa Abagusii kati ya miaka 1955 na 1957, aliandika habari za imani hizo. Aliona kwamba lawama za uchawi hazikuwaangukia watu wa mbali. Ziliwaangukia walio karibu: wake wenza, na majirani ambao pia ni ndugu. Hao ndio wale wale ambao mtu hupakana nao shamba. Ndio wale ambao zamani walilimiana mashamba kwa ushirika uitwao risaga, wakaja kwa majembe yao na kuondoka wakiwa wamekunywa na kushiba. Mtu akimwogopa jirani wa namna hiyo, huwa amempoteza msaidizi kabla hajampata adui.

Mwisho wa moto huo wajulikana. Kati ya miaka 1992 na 1994, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalienea katika Gusii kiasi cha mtaalamu Justus Ogembo kuyaandikia kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 2006. Haukupita muda mrefu, ndipo katika mwezi wa Mei 2008 kundi la watu lilipozunguka vijijini katika Kisii na kuwachoma moto watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakiwa wazee sana. Nyumba zao pia ziliteketezwa. Katika mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hiyo hiyo.

Wako wapendao kusema kwamba mambo hayo ni ya watu wasiojua dini. Si kweli. Wakatoliki walifungua misheni yao Nyabururu mwaka 1911, na Wasabato wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye. Leo ni vigumu kupanda kilima chochote cha Kisii au Nyamira bila kuona paa la kanisa. Katika kundi linalobeba kiberiti hawakosi watu waliobatizwa, wajuao zaburi. Kinachowashinda ni ile kazi ndogo na ngumu ya kuacha hukumu mikononi mwa Mungu usiku mmoja, kisha usiku mwingine tena.

Serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya Uchawi ya Kenya iliyotungwa mwaka 1925 yajulikana na wengi kwa upande mmoja tu, yaani kwamba yamwadhibu mtu ajifanyaye mchawi au atishaye wenzake kwa uchawi. Upande wa pili haunenwi sana barazani. Sheria hiyo ilifanya kuwa kosa pia kumshtaki mtu kwamba ni mchawi, ila kama shtaka lapelekwa kwa ofisa wa utawala, au polisi, au chifu, au mwenye mamlaka mwingine. Maana yake ni kwamba mtu anayepaza sauti sokoni na kusema, "Yule mama ni mchawi," amekwisha kuvunja sheria, hata kama hakuna aliyeokota jiwe. Karani au mwalimu asomaye gazeti hili angefanya vema kuwaeleza jambo hilo wale wasiosoma, maana wengi wadhani kwamba kosa laanza kiberiti kinapowashwa.

Yako maswali mawili ambayo mtu hujiuliza apatwapo na msiba. La kwanza ni, Ni nini kilichomuua mtoto wangu? La pili ni, Ni nani aliyemuua mtoto wangu? Swali la kwanza hupelekwa hospitali. Swali la pili hupelekwa kwa omoragori, mpiga ramli. Mara nyingi yeye humtaja mzimu wa ukoo adaiye sadaka, na hapo gharama ni mbuzi tu. Lakini mara nyingine jibu lake laelekea mlango wa mtu. Na nyanda za juu za Gusii zimekuwa na sababu ya pekee ya kuuliza swali la pili. Malaria huko haikuwa ugonjwa wa siku zote kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria. Ilikuja kwa mlipuko, hasa katika miaka ya 1990, baada ya mvua na joto lisilo la kawaida, ikawakuta watu wazima ambao miili yao haikuzoea kushindana nayo. Mtu mwenye nguvu, aliyelima Jumatatu, aliweza kuzikwa kabla ya Jumapili. Kifo cha namna hiyo chafanana sana na kazi ya adui. Na adui alikuwapo kweli, ila alikuwa mdogo kuliko punje ya wimbi, naye hakuwa na shamba la kupakana na mtu.

Sasa huenda msomaji akauliza, je, kumtumaini Mungu ni kukaa kimya mtu anapodhulumiwa? Je, mti wa mpaka uachwe pale ulipohamishiwa?

Hapana. Zaburi yenyewe haisemi hivyo. Baada ya kumwambia mtu amtumaini Mungu, papo hapo yamwambia atende mema. Na wazee wa Abagusii, kabla hawajaisikia zaburi yoyote, walikuwa na njia yao iliyokaribiana na hiyo. Kesi ya ardhi au ya ng'ombe ilipoletwa mbele yao, walisikiliza mashahidi, wakauliza, wakapima. Ikiwa ushahidi ulikwisha na ukweli haujaonekana, walikuwa na kiapo, kiitwacho emuma. Mtu aliapa mbele ya watu, kisha wote wakaenda nyumbani. Aliyeapa uongo aliachiwa lile ambalo kiapo chenyewe kingemletea. Hakuna aliyemfuata usiku. Mtu wa leo aweza kukicheka kiapo hicho, tena Mkristo ana sababu zake za kukikataa, lakini ndani yake mlikuwamo hekima ambayo wajukuu wameipoteza, nayo ni kujua ni wapi ujuzi wa mwanadamu unapokoma, na kusimama hapo.

Leo mwenye haki ana milango mingi zaidi. Mashamba mengi yalipimwa na kuandikishwa tangu miaka ya 1960, na hati yasema zaidi kuliko mti. Wako wazee wa kijiji, yuko chifu, yuko mpimaji wa serikali. Na tangu Katiba ya mwaka 2010 iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia hiyo ni ndefu, yachosha miguu na mfuko, na kila mtu aliyewahi kuahirishiwa kesi mara nne ajua jinsi njaa na nauli zinavyokula haki. Lakini hapo ndipo zaburi inapomfaa mtu. Asiyejiwasha aweza kungoja. Aweza kufika mbele ya hakimu akaeleza habari ya mti tu, pasipo kuongeza kuku na homa. Mwenye hasira huja na mambo kumi, hakimu akamwona ana chuki, na lile moja la kweli likapotea katikati ya yale tisa.

Lakini lazima ikubaliwe kwamba zaburi hii ina sehemu ngumu. Mzee asema ya kuwa waovu watanyauka upesi kama majani. Katika nchi aliyoishi yeye, upepo wa joto ukivuma, majani mabichi ya asubuhi hukauka kabla ya jioni, na kila msikilizaji wake alilijua hilo. Mkulima wa Kisii atafanya nini na mfano huo? Kwake mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, wala hakuna mwezi ambao mbingu hufungwa kabisa. Majani aliyoyakata leo kwa ajili ya ng'ombe, baada ya muda mfupi yamechipuka tena. Na waovu anaowafahamu ni vivyo hivyo. Aliyehamisha mti amejenga nyumba ya mabati mapya. Aliyekula fedha za chama amechaguliwa tena. Mzee asema pia ya kuwa hakumwona mwenye haki akiachwa wala watoto wake wakiomba chakula. Na yuko msomaji atakayefunga kitabu hapo, kwa sababu yeye amewaona.

Pengine ni vizuri kumwelewa mzee kama mzee. Hakutaja mwaka wala mwezi. Alitazama maisha yote kutoka mwisho wake, kama mtu aliyepanda kileleni mwa vilima vya Manga akaona bonde zima, ambapo aliye bondeni aona ua wa jirani tu. Na hata yeye hakumwambia mtu akae akihesabu siku za mwovu. Asema atazame kazi yake mwenyewe, na kile kidogo alicho nacho.

Wakulima wa pareto walilijaribu jambo hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa maua mengi katika Kenya. Miaka ya 2000 ilipofika, mtu alichuma, akaanika, akapeleka, akaandikiwa karatasi. Malipo yakachelewa, kisha yakachelewa tena. Kwa kweli hayo yalikuwa makosa, na waliodai haki yao walikuwa na haki ya kudai. Lakini katika kijiji kimoja waliweza kuonekana watu wa namna mbili. Wa kwanza aliweka karatasi zake kwenye bahasha, akaendelea kudai pamoja na wenzake, na huku akang'oa pareto na kupanda chai, migomba au majani ya ng'ombe. Wa pili alikaa kwenye kituo cha kununulia maua kila siku akitaja majina ya wezi, na kwato za ng'ombe zikakanyaga shamba lake. Wote wawili walidhulumiwa sawasawa. Ila yule wa pili alidhulumiwa mara mbili, na mara ya pili si bodi iliyomdhulumu.

Iko pia habari ya zamani ya mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka na kuingia Kisii, na mwezi wa Septemba vikapiganwa vita vikali karibu na mji. Wajerumani waliporudi nyuma, na serikali ikiwa haijarejea, watu wa nchi waliingia madukani na katika misheni wakachukua kila walichoweza. Nyabururu iliporwa, na Nyanchwa vilevile. Serikali iliporudi ilitoza faini ya ng'ombe. Wamisheni nao walirudi, wakaezeka upya, wakafungua tena madarasa, na baada ya miaka si mingi watoto wa watu waliopora waliketi humo wakisoma. Husimuliwa kama mfano mzuri wa kusamehe, na ni mzuri. Lakini haki yataka isemwe ya kuwa mtu aliyerudi akiwa na serikali na bunduki nyuma yake hakujaribiwa sana katika kutumaini. Ng'ombe walikwisha kulipwa.

Wanaojaribiwa sana ni wengine. Ni wale waliobaki baada ya Mei 2008 na baada ya Oktoba 2021: waume, wana na wakwe za wale waliochomwa. Kwao mtenda mabaya si neno la kitabuni. Kundi la watu lilikuja mchana au usiku, na nyuso zake zilikuwa za watu wa kijiji. Baadhi ya waliokuja wangali wakipita njia ile ile kwenda mtoni na sokoni. Kwa mjane wa namna hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kumsomea zaburi kwa sauti ya kumkemea. Kama kuna atakayemsomea, na awe yule atakayekwenda pamoja naye kituo cha polisi, akaandika maelezo kama shahidi, na kufika mahakamani siku ya kesi ingawa jamaa za washtakiwa wamemwonya asifike.

Wako waliokubali kurudi na kulima. Shamba la marehemu linapakana na mashamba yale yale, na msimu wa kupanda ukifika hapana njia nyingine. Mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa Machi, mahindi hupandwa pande zote mbili za mpaka siku ile ile, na watu huinama wakiwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Mmoja hutangulia kuamkia. Mwingine huinua uso, akangoja kidogo, kisha akaitikia.